Mwalimu Ernest Musa Kongola na Kumbukumbu za Ugogo

Biblia inasimulia kwamba Waisraeli walipokwisha kuvuka Yordani, Yoshua aliagiza watu kumi na wawili wachukue mawe kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha huko Gilgali, ili siku watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kujibu. Agizo hilo lina sharti ambalo husahaulika kwa urahisi. Jiwe halisemi. Lazima awepo mtu anayeijua habari yake, na mtu huyo awe tayari kuisimulia kabla hajaondoka duniani. Katika nchi ya Ugogo, mmoja wa watu waliojitwika kazi hiyo ni Mwalimu Ernest Musa Kongola, mkuu wa shule mstaafu, baba wa familia na mzee wa ukoo wa Wevunjiliza, ambaye baada ya kuiacha ofisi ya shule alichukua kalamu na kuanza kuandika mambo ambayo wazee wenzake walikuwa wakiyabeba vichwani.

Habari zake zinastahili nafasi katika kitabu cha miaka mia moja kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake haikuwa ya dhehebu moja wala ya mtaa mmoja; ilihusu watu wa uwanda wa kati wote, ambao miongoni mwao Injili ilihubiriwa na makanisa mbalimbali. Pili, aliyoyafanya kwa ukoo wake ndiyo hasa ambayo usharika hujaribu kuyafanya unapofikisha karne: kukusanya majina, kupanga miaka, kuuliza waliobaki, na kuamua kipi kiandikwe na kipi kiachwe.

Nchi iliyokuwa njiani

Ili kuelewa uzito wa kazi ya Mwalimu Kongola, hapana budi kukumbuka jinsi Ugogo ulivyojulikana kwa dunia kabla yake. Nchi hii kame, yenye mibuyu, miiba na nyumba za tembe zenye paa la udongo, ililala katikati ya njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Kila msafara ulihitaji maji na chakula, na watemi wa Ugogo, waliokuwa na mamlaka juu ya visima na nafaka, walitoza hongo. Richard Burton na John Speke walipita hapa katika safari yao ya mwaka 1857 na 1858 wakielekea Ziwa Tanganyika. Henry Stanley alipita mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Wote waliandika juu ya Wagogo, na wote waliandika kama wapita njia: walilalamikia hongo, jua na kiu, kisha wakaendelea na safari yao.

Kwa muda mrefu, basi, maandishi juu ya Ugogo yalikuwa ya watu waliokuwa na haraka ya kuondoka. Aliyesoma vitabu hivyo angeijua gharama ya kuvuka Marenga Makali, lakini asingejua majina ya watu waliobaki pale msafara ulipokwisha kupita.

Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, nao walikuja kukaa. Kutoka Mpwapwa kazi ilienea hadi Kongwa, Mvumi na Dodoma, na mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika ya Kianglikana. Upande wa kaskazini-magharibi, huko Iramba, Walutheri wa Leipzig walianza kazi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya vita wakafuatiwa na Waaugustana kutoka Marekani. Kila mahali misheni ilipofika, shule ilifika pamoja nayo, mara nyingine chini ya mti kabla jengo la kanisa halijainuka. Mwinjilisti na mwalimu walikuwa mara nyingi mtu mmoja: asubuhi alifundisha herufi, jioni alifundisha katekisimu.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Miaka michache baadaye vita ikafika, nayo ilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kwanza kwa jeshi la Wajerumani na baadaye kwa jeshi la Waingereza. Mvua zilipokosekana, watu hawakuwa na akiba tena. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, iliitwa na Wagogo Mtunya, na maelfu walikufa. Waliookoka walitawanyika, wengine wakaacha watoto kwa ndugu wa mbali, wengine wakahamia nchi za jirani ambako mvua ilinyesha. Njaa ya namna hiyo huua mara mbili: huondoa watu, kisha huondoa habari zao, kwa kuwa mzee anayekufa njiani hazikwi na ukoo wake wala hapati wa kumsimulia. Kizazi cha walimu ambacho Mwalimu Kongola alikuwa mmoja wao kilikua kikisikia habari za Mtunya kutoka kwa watu walioiona kwa macho yao.

Kazi ya mwalimu mkuu

Walimu wa Kiafrika waliosoma wakati wa utawala wa Waingereza na kuongoza shule kabla na baada ya Uhuru walibeba mzigo ambao leo umegawanywa kwa watu wengi. Mwalimu mkuu alikuwa mweka hazina, msuluhishi wa ndoa, mwandishi wa barua za kijiji, msomaji wa barua hizo hizo zilipojibiwa, na mara nyingi kiongozi wa ibada siku mchungaji alipokuwa mitaa ya mbali. Alijua kila mtoto ametoka kaya gani, baba yake ana ng'ombe wangapi, na kwa nini hakufika shuleni msimu wa kupanda.

Zaidi ya yote, mwalimu mkuu alikuwa mtu wa madaftari. Alikuwa na daftari la mahudhurio, daftari la uandikishaji, kitabu cha wageni, na kitabu cha matukio ya shule ambamo aliandika mvua iliyoezua paa, ziara ya mkaguzi, mwalimu aliyehamishwa, mtoto aliyefariki. Aliyetunza madaftari kama hayo kwa miaka mingi huzoea mambo matatu ambayo mwanahistoria hawezi kuyakosa: kuandika tarehe, kuandika jina kamili, na kutomwamini mtu anayesema kwamba anakumbuka kila kitu bila kuandika. Si ajabu kwamba katika nchi yetu historia nyingi za vijiji, koo na sharika zimeandikwa na walimu wastaafu. Walikwisha kufundishwa kazi hiyo na ofisi zao.

Miaka ya utumishi wa kizazi hicho ilikuwa pia miaka ya mageuzi mazito. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na shule zikaagizwa kuwa na mashamba na miradi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliweka shule za mashirika chini ya usimamizi wa serikali. Kwa wakuu wa shule waliolelewa na misheni, badiliko hilo lilikuwa na maumivu na heshima kwa pamoja: nyumba waliyojengewa na kanisa ikawa ya taifa, nao wakawa watumishi wa watoto wote, wa Wakristo, wa Waislamu na wa wale walioendelea kuzifuata dini za jadi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaleta elimu ya msingi kwa wote, ambayo utekelezaji wake ulikazwa mwaka 1977. Madarasa yakafurika, walimu wakawa wachache, na mwalimu mkuu akalazimika kupanga zamu za asubuhi na mchana kwa chaki ile ile.

Mambo haya yote yaliwafundisha walimu wa wakati ule kuiona historia kwa macho mawili. Kwa jicho moja waliona maendeleo: shule, zahanati, barabara, Uhuru. Kwa jicho la pili waliona kilichokuwa kikiondoka kimya kimya. Mtoto aliyejua kutaja mito ya Ulaya hakujua kumtaja baba wa babu yake.

Kustaafu na kuanza upya

Kustaafu kwa mwalimu wa Tanzania hakukuwa kupumzika. Pensheni ilikuwa ndogo, bei za miaka ya 1980 zilipanda, na mstaafu wengi walimtegemea. Walio wengi walirudi kwenye jembe na mifugo. Mwalimu Kongola alifanya kazi ya pili juu ya hiyo. Mwaka 1986 alikamilisha maandishi aliyoyaita Historia Fupi ya Mbeya ya "Wevunjiliza" toka 1688 mpaka 1986. Neno mbeya katika Cigogo ni ukoo. Kichwa hicho chenyewe kinaeleza nia yake: historia fupi, ya ukoo mmoja, lakini yenye mwanzo na mwisho vilivyowekwa kwa mwaka kamili, kama inavyotakiwa katika kitabu cha historia ya taifa lolote.

Hakuishia hapo. Katika miaka iliyofuata aliendelea mpaka maandishi yake yakafikia juzuu saba, zenye historia za koo, wasifu wa watu na habari za mahali katika Ugogo. Aliandika kwa Kiswahili, lugha ya shule na ya taifa, huku akiyahifadhi majina na misemo ya Cigogo ndani yake. Uamuzi huo una maana. Angeandika kwa Cigogo peke yake, wajukuu waliozaliwa Dar es Salaam au Mwanza wasingeweza kusoma. Kwa kuandika Kiswahili na kuacha maneno ya ukoo yabaki na sura yake, aliwawezesha watoto wa mbali kuingia nyumbani kwao kwa mlango waliouzoea.

Hakuwa Mgogo wa kwanza kuandika habari za watu wake. Mathias Mnyampala, mshairi aliyejulikana nchi nzima kwa ngonjera, alitoa mwaka 1954 kitabu kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo. Mnyampala aliwaangalia Wagogo kama kabila zima na akaeleza watemi wao, mila zao na asili ya koo mbalimbali. Mwalimu Kongola alishuka chini zaidi, hadi kwenye kaya. Vitabu hivi viwili vikiwekwa pamoja, kimoja huonyesha msitu na kingine huonyesha mti na mizizi yake.

Kwa nini ukoo uandikiwe historia? Mtu wa mjini aweza kuona kwamba ni jambo la fahari tu. Katika Ugogo ukoo ulikuwa sheria. Watu wa ukoo mmoja hawakuoana, hivyo kijana aliyetaka kuposa alipaswa kujua yeye ni nani na binti ni nani. Mahari ya ng'ombe ilikusanywa kwa ndugu wa ukoo na kugawanywa kwa ndugu wa ukoo. Utani kati ya koo ulitoa ruhusa ya kuambiana ukweli mchungu bila ugomvi, na watani walikuwa na wajibu wao siku ya msiba. Asiyejua ukoo wake hakujua amwite nani nyumba ikiungua. Baba wa familia aliyekaa chini kuandika orodha ya mababu alikuwa anawaachia wanawe ramani ya watu wanaowadai na wanaodaiwa nao.

Hesabu ya vizazi

Mwaka 1688 katika kichwa cha maandishi yale huwashangaza wasomaji wengi. Ugogo haukuwa na maandishi karne ile. Mwaka kama huo hupatikanaje?

Njia inayojulikana kwa wanaoandika historia kutokana na masimulizi ni hesabu ya vizazi. Mwandishi huanza na mtu ambaye mwaka wake wa kuzaliwa unajulikana, kisha hurudi nyuma baba kwa baba, akikadiria miaka ya kila kizazi. Kutoka 1688 hadi 1986 ni miaka 298. Kizazi kikihesabiwa kuwa miaka 30, hapo pana vizazi kama kumi. Kikihesabiwa kuwa miaka 25, pana vizazi kama kumi na viwili. Tofauti ya miaka mitano tu kwa kizazi huweza kusogeza mwanzo wa ukoo kwa nusu karne. Ndiyo maana wanahistoria hukagua hesabu hizo kwa matukio ambayo tarehe zake zinajulikana kwingineko: njaa kubwa, ugonjwa wa sotoka ulioua ng'ombe katika miaka ya 1890, kufika kwa Wajerumani, ujenzi wa reli. Bibi aliyesema kwamba alikuwa anatambaa reli ilipofika Dodoma amekwisha kutoa tarehe yake ya kuzaliwa, ingawa hakuwahi kuona cheti.

Aliyetumia maisha yake kujaza daftari la uandikishaji alifahamu ugumu huu vizuri. Wazazi wengi walioleta watoto shuleni hawakujua mwaka wa kuzaliwa. Mwalimu aliuliza ilikuwa mvua ipi, njaa ipi, mtemi yupi. Mbinu ya kumwandikisha mtoto wa darasa la kwanza ndiyo mbinu ya kumwandikisha babu aliyeishi miaka mia mbili iliyopita. Mwaka unaopatikana kwa njia hiyo ni makadirio, na unapaswa kusomwa hivyo. Hata hivyo makadirio ya mtu aliyeuliza wazee yana faida kuliko ukimya wa mtu aliyesubiri uhakika mpaka wazee wakaisha.

Mgeni aliyekuja kusikiliza

Katika miaka ya 1980 alikuja Dodoma mwanahistoria kijana kutoka Marekani, Gregory Maddox, ambaye baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Texas Southern mjini Houston. Alikuja kuchunguza njaa na uchumi wa Ugogo chini ya wakoloni, na makala yake juu ya Mtunya ilitoka mwaka 1990. Mwaka 1995 tafsiri yake ya Kiingereza ya kitabu cha Mnyampala ilichapishwa. Katika kuwatafuta wazee wenye kumbukumbu, alikutana na Mwalimu Kongola, mzee ambaye hakungoja kuulizwa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuandika.

Uhusiano wao ulidumu miaka mingi na ukazaa kitabu kilichotolewa mwaka 2006 na kampuni ya Heinemann kwa Kiingereza, kuhusu namna historia inavyotengenezwa katika Tanzania ya kati kwa maandishi, kumbukumbu na maonyesho. Jambo la kuangaliwa ni jalada lake. Jina la Ernest M. Kongola limewekwa pale pamoja na la Maddox. Kwa desturi ya utafiti wa zamani, mzee wa kijiji alikuwa "mtoa habari", naye hutajwa katika ukurasa wa shukrani, au hatajwi. Hapa mwalimu mkuu mstaafu alitambuliwa kuwa mwanahistoria mwenye hoja zake, mwenye njia yake ya kupima ukweli, na mwenye makusudi yake katika kuandika.

Makusudi hayo yalikuwa yapi? Katika maandishi yake ukoo, kanisa na taifa havikugombana. Historia ya Wevunjiliza iliingia katika historia ya Ugogo, na historia ya Ugogo ikaingia katika historia ya Tanzania. Ukristo ulionekana kuwa sehemu ya habari ya nyumbani, jambo lililopokelewa na mababu wenyewe kwa hiari na kwa shida zao. Kwa mtazamo huo mtu hakulazimika kumkana babu yake ili awe Mkristo, wala kuukana ukoo wake ili awe Mtanzania. Kwa vijana wa miaka ile, waliokuwa wakiambiwa mara kwa mara kwamba ukabila ni adui wa umoja, ilikuwa faraja kuona mzee mwadilifu akionyesha kwamba kuwajua mababu na kulipenda taifa vyaweza kukaa katika nyumba moja.

Wasiotajwa katika orodha

Heshima kwa kazi ya mtu haizuii kuuliza maswali juu ya aina ya kazi hiyo. Historia ya ukoo unaofuata upande wa baba, mahali popote duniani, huandikwa kwa majina ya wanaume. Fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani. Mama aliyebeba mimba, aliyechota maji kilomita nyingi wakati wa kiangazi, aliyeficha mbegu za mtama chini ya dari ili watoto wasizile kabla ya msimu, mara nyingi hana mstari wake. Hali kadhalika watoto waliopokewa wakati wa njaa, watu waliouzwa au kuwekwa rehani kwa chakula, na ndugu waliotofautiana na ukoo wakahama, hupungua katika orodha kadiri miaka inavyopita. Mara nyingi familia huwaacha kwa sababu wanakumbusha aibu.

Wakristo wana mfano wa kuwasaidia hapa. Injili ya Mathayo inaanza na orodha ya ukoo, na orodha hiyo ni ya baba kwa mwana. Lakini katikati yake wamewekwa Tamari, Rahabu, Ruthu na yule aliyekuwa mke wa Uria: wanawake ambao habari zao zina machozi, ugeni na lawama. Mwinjili angeweza kuwapita, orodha isingekatika. Aliwaacha wakae mahali pao. Anayeandika historia ya ukoo au ya usharika anaweza kujipima kwa sura hiyo moja: je, katika kurasa zake wamo wale ambao ingekuwa rahisi kuwapita?

Swali hili linauhusu usharika moja kwa moja. Vitabu vya kumbukumbu za makanisa hujaa majina ya wamisionari, wachungaji na wenyeviti wa kamati za ujenzi. Wanawake waliobeba mawe na maji ya ujenzi huandikwa kwa pamoja kama "akina mama". Walimu wa Jumapili hawana majina kabisa. Kitabu cha miaka mia moja kinachoacha nafasi hizo wazi kitakuwa kimeandika nusu karne tu.

Ipagala na ardhi iliyobadilika

Ipagala ni mahali pazuri pa kuyatafakari mambo haya, kwa sababu ardhi yenyewe imebadilika machoni pa watu walio hai. Mwaka 1971, baada ya ukame, Operesheni Dodoma ilianza kuwahamisha Wagogo kutoka makazi yao yaliyotawanyika kuingia katika vijiji. Wengi walipata shule, maji na barabara karibu zaidi. Wengi pia waliacha nyuma mahame, visima na makaburi. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa kifupi cha CDA. Kwa zaidi ya miaka arobaini mamlaka hiyo ilipima viwanja na kugawa ardhi, mpaka ilipovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kukabidhiwa kwa halmashauri ya manispaa.

Mji uliosubiriwa kwa muda mrefu ulikuja kwa kasi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha St. John's kilifunguliwa katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo, ambayo kabla ya hapo iliitwa Alliance na iliwasomesha viongozi wengi wa nchi. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kwa dhati kuhamia, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji. Kata za mashariki kama Ipagala zilipokea sehemu kubwa ya wageni hao. Palipokuwa na mashamba ya mtama na uwele pakawa na viwanja vyenye namba, na kwa kila nyumba mpya kuna uwezekano kwamba chini ya msingi wake palikuwa na zizi, au kaburi.

Kanisa la Kilutheri katika jiji hili limejaa watu waliotoka kwingine: Kilimanjaro, Kagera, Iringa, Njombe, Singida, Mbeya. Wengi walikuja kama watumishi wa serikali, na miongoni mwao walimu hawakosekani, wakiwemo waliosomea ualimu Kinampanda huko Iramba, chuo kilichotokana na kazi ya misheni ya Kilutheri. Wameabudu pamoja na wenyeji Wagogo, ambao mababu zao walizikwa katika ardhi ile ile. Hapa ndipo kazi ya Mwalimu Kongola inapokuwa na uzito wa leo. Mwenyeji asipoandika, mgeni atadhani alifika mahali patupu. Na mgeni asipoandika, wajukuu wake watajikuta hawana kwao, wala Dodoma wala Moshi. Fidia ya kiwanja hulipwa kwa mti, nyumba na ekari. Hakuna jedwali linalolipa jina la kisima au sababu ya jina hilo.

Yanayobaki kufanywa

Maisha ya mkuu wa shule mstaafu aliyegeuka mwandishi yanaacha mafunzo ambayo familia na usharika wanaweza kuyatumia bila gharama kubwa.

La kwanza ni kuanza na kilicho karibu. Mwalimu Kongola alianza na ukoo wake kabla ya kuandika juu ya Ugogo. Familia yaweza kuanza na babu na bibi wanne, majina yao yote, mahali walipozaliwa, waliobatizwa na ambao hawakubatizwa. Usharika waweza kuanza na vitabu vyake vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi, ambavyo ni hazina iliyo kabatini, inayotafunwa na mchwa.

La pili ni kuuliza mapema. Mzee wa miaka themanini leo alizaliwa katika miaka ya 1940. Anaweza kueleza kwa macho yake Uhuru wa mwaka 1961, kuungana kwa makanisa saba kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri mwaka 1963, na operesheni ya vijiji. Baada ya miaka kumi wengi wa kizazi hicho hawatakuwapo. Kijana mwenye simu ya mkononi ana chombo cha kurekodia ambacho mtafiti wa mwaka 1986 angekitamani sana. Anachokosa ni saa moja ya kukaa kitini na kusikiliza.

La tatu ni kuandika kwa uaminifu hata pale panapouma. Usharika wowote wenye umri una habari za migawanyiko, fedha zilizopotea, watu waliotengwa kisha wakarudi, au wasiorudi. Kuandika mambo hayo kwa haki na upole, bila kumwaibisha aliye hai, ni kazi ngumu, lakini kitabu kinachosifu tu huacha wasomaji wake wakijua kwamba hawakuambiwa yote.

La nne ni kuyaweka maandishi mahali zaidi ya pamoja. Nakala moja iliyo kwa mzee mmoja inaweza kuteketea kwa moto wa usiku mmoja. Nakala za watoto, za maktaba na za ofisi ya dayosisi hulindana.

Walimu wakuu wastaafu wamo katika sharika nyingi za jiji hili. Wanasoma masomo ya Jumapili kwa sauti ya darasani, wanasahihisha taarifa za kamati kwa kalamu nyekundu, na wanajua wanafunzi wao wa zamani wako wapi. Wengi wamekwisha kuandika maelfu ya kurasa juu ya watoto wa watu wengine: alama, tabia, mahudhurio. Kurasa zilizobaki ni za nyumba zao wenyewe na za kanisa lao. Mwalimu Kongola alionyesha kwamba ukurasa wa kwanza waweza kuandikwa baada ya kustaafu, kwa lugha ambayo wajukuu wanaielewa, na mtu ambaye hakuwa na cheo cha profesa, ila alikuwa na subira, daftari, na majina ambayo hakutaka yapotee.